Ruhusa Iliyotolewa Mara Moja Haipaswi Kuishi Milele

Kila programu inayotaka kusoma kalenda yako, kutuma barua pepe kwa jina lako au kuchukua mafaili uliyohifadhi mtandaoni hupitia njia ileile. Unabofya kitufe, kivinjari kinakupeleka kwenye ukurasa wa kampuni inayotunza data yako, unaulizwa kama unaikubalia programu ile, unakubali, unarudishwa ulikotoka. Shughuli yote haifiki dakika moja. Mijadala mingi huishia kwenye dakika hiyo: kama skrini ilieleweka, kama maneno yalikuwa wazi, kama mtu alisoma kabla ya kubofya. Wasiwasi wangu uko kwenye miaka inayofuata. Mbofyo mmoja unaipa programu uwezo wa kuendelea kuchota data muda mrefu baada ya mwenye data kusahau kwamba aliwahi kuikubalia, na katika huduma nyingi hakuna chochote kinacholazimisha ruhusa hiyo ifike mwisho.

Sifa itolewe panapostahili. Kabla ya OAuth, utaratibu wa kiufundi unaoendesha njia hiyo, programu iliyotaka orodha ya watu unaowasiliana nao kwa barua pepe ilikuomba nenosiri la barua pepe yenyewe. Mitandao ya kijamii ya miaka ya 2000 ilifanya hivyo waziwazi: andika anwani yako, andika nenosiri lako, tutakutafutia unaowafahamu. Aliyetoa nenosiri alikuwa ametoa kila kitu. Programu iliweza kusoma, kufuta, kutuma, hata kubadilisha nenosiri na kumfungia mwenyewe nje. Na ukitaka kuinyang'anya ruhusa hiyo, njia ilikuwa moja tu, kubadilisha nenosiri, ambako kulizitupa nje programu nyingine zote kwa mkupuo. Mwishoni mwa 2006 Blaine Cook, aliyekuwa akifanya kazi Twitter, alianza na wenzake kutafuta namna ya kuipa programu ruhusa bila kuipa nenosiri. Toleo la kwanza la OAuth lilikamilika Desemba 2007. Twitter ilizima njia ya nenosiri kwenye API yake, yaani mlango ambao programu nyingine huutumia kupata data za huduma, Agosti 2010, na OAuth 2.0, ambayo ndiyo inayoendesha sehemu kubwa ya mtandao leo, ilichapishwa Oktoba 2012 kama RFC 6749, mmoja wa nyaraka rasmi za viwango vya mtandao.

Ufundi wake ni wa hali ya juu. Ukikubali kwenye ile skrini, programu haipewi nenosiri wala haipewi tokeni, yaani ufunguo wa kidijitali wa kufikia data, papo hapo. Inapewa msimbo mfupi unaopita kwenye mstari wa anwani wa kivinjari. Mstari huo ni mahali pa wazi, kwa hiyo msimbo peke yake haufui dafu: seva ya programu huupeleka moja kwa moja kwa seva ya idhini, ile inayotoa ruhusa, ikijitambulisha kwa siri yake, na ndipo inapokabidhiwa tokeni itakayoambatana na kila ombi linalokwenda kwenye API. Programu za simu haziwezi kutunza siri ya namna hiyo, maana yeyote aliye na faili la programu anaweza kulifumua na kuisoma. Zilipata kinga yao Septemba 2015 kupitia nyongeza iitwayo PKCE. Kabla ya kuanza safari, programu hubuni mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu wa kutumika mara moja, hutuma alama iliyokokotolewa kutokana na mfuatano huo, kisha huonyesha mfuatano wenyewe mwishoni, wakati wa kubadilisha msimbo kwa tokeni. Aliyenyakua msimbo njiani hana mfuatano huo, na msimbo wake unabaki kazi bure.

Tazama sasa muda ambao kila kimoja kinapewa kuishi. RFC 6749 inapendekeza msimbo usizidi dakika 10, na inataka utumike mara moja tu. Tokeni ya kuingilia, ile inayoambatana na kila ombi, mara nyingi huishi saa moja hivi. Mifano iliyomo kwenye waraka huo inataja sekunde 3,600. Baada ya hapo inakuja tokeni ya kuhuisha. Kazi yake ni kuomba tokeni mpya ya kuingilia kila ile ya zamani inapokwisha, bila mtumiaji kuhusishwa, awe yuko mtandaoni au hayuko. Hii haikuwekewa kikomo chochote. Huduma yenye API ndiyo inayoamua, na nyingi zimeamua kwamba itaishi hadi mtu aikate kwa mkono. Kwa hiyo dakika 10 na sekunde 3,600, ambazo wahandisi walizipima kwa makini sana, zinamkinga mtumiaji dhidi ya mwizi wa njiani. Dhidi ya programu aliyoikubali mwenyewe na kuisahau, hazimkingi kwa lolote.

Kuhusu namna ya kumuuliza mtumiaji, waraka unasema machache mno. Seva ithibitishe kuwa mtu ni yeye, kisha ipate uamuzi wake, ama kwa kumuuliza au kwa kuthibitisha ridhaa yake kwa njia nyingine. Basi. Skrini inafananaje, inataja muda au haitaji, inamkumbusha mtu baadaye au haimkumbushi, yote hayo yaliachiwa kampuni zenye API. Sidhani kwamba lilikuwa kosa kwa mwaka 2012. Waraka wa itifaki ulihusu mazungumzo ya mashine kwa mashine. Kosa ni kwamba miaka yote iliyofuata tumeifanya itifaki ionekane kama jibu kamili la suala la ridhaa, wakati ridhaa yenyewe haikuguswa.

Kinachoombwa nacho kina kasoro zake. Anayechagua upana wa ruhusa ni programu inayoomba. Kwenye Gmail kuna ruhusa ya kutuma barua tu, ipo ya kusoma tu, na ipo nyingine inayofungua sanduku lote: kusoma, kuandika, kutuma na kufuta moja kwa moja. Mtengenezaji asiye na uhakika atahitaji nini mwakani ana kila sababu ya kuomba ile pana, kwa kuwa akiomba finyu leo atalazimika kumrudisha mtumiaji kwenye skrini kesho. Wakati mwingine hata ruhusa finyu haipo. Kwenye GitHub, jukwaa ambako wasanidi huhifadhi msimbo wa programu zao katika hazina, programu ya OAuth ya mtindo wa zamani inayotaka kusoma tu msimbo wa hazina za faragha hulazimika kuomba ruhusa inayoitwa repo, ambayo inatoa pia haki ya kuandika. GitHub baadaye ilileta aina nyingine ya programu zenye ruhusa zilizokatwakatwa vizuri zaidi, lakini ile ya zamani bado inafanya kazi.

Mfano ninaoupenda uko Google Drive. Programu inaweza kuomba Drive nzima, au ikaomba ruhusa ya drive.file, inayoiwezesha kuona mafaili ambayo mtumiaji ameyafungua moja moja kwa programu hiyo au ambayo programu yenyewe imeyaunda. Mtu anachagua faili, na kule kuchagua ndiko kunakokuwa ruhusa. Hakuna sentensi ya kisheria ya kusoma wala orodha ya kutafakari. Anajua alichokitoa kwa sababu alikigusa mwenyewe. Laiti API nyingi zaidi zingejengwa hivyo, skrini ya ridhaa ingebaki na kazi ndogo sana.

Hatari ya skrini yenyewe ilionekana Mei 3, 2017. Watu walipokea barua pepe iliyodai kwamba mtu wanayemfahamu amewashirikisha waraka. Walipobofya walifika kwenye ukurasa halisi wa Google, wenye anwani halisi ya Google, na wakaulizwa kama wanairuhusu programu iitwayo Google Docs kusimamia barua pepe zao na orodha ya watu wao. Programu hiyo haikuwa ya Google. Mtu wa nje alikuwa ameisajili kwa jina hilo. Aliyekubali aligeuzwa kituo cha kusambaza barua ileile kwa kila mtu aliyekuwa kwenye orodha yake. Google iliizima kwa muda wa kama saa moja, na ikasema walioguswa hawakufika asilimia 0.1 ya watumiaji wa Gmail. Hapakuwa na nenosiri lililoibwa. Hata mtu mwenye uthibitisho wa hatua mbili hakuwa na kinga, kwa sababu aliingia mahali sahihi kwa njia sahihi, kisha akatoa ruhusa kwa asiyestahili. Mashambulizi ya aina hii yanaendelea hadi leo, na yanafanya vizuri kwa sababu mafunzo yote tuliyowapa watu, yaani kagua anwani, hakikisha tovuti ni ya kweli, yanawapeleka moja kwa moja kwenye mtego.

Jambo la kutisha zaidi kwa aliyenaswa ni kile kinachofuata. Anashtuka, anabadilisha nenosiri, anadhani amemaliza. Lakini tokeni haikutokana na nenosiri. Ilitokana na ruhusa. Katika huduma nyingi kubadilisha nenosiri hakuigusi. Inabidi aende kwenye mipangilio ya akaunti, atafute orodha ya programu zilizounganishwa, aitambue ile yenye jina la kawaida kabisa, aikate.

Facebook ndiyo iliyolipa bei kubwa kuliko wote kwa suala hili. Mwaka 2013 mtafiti Aleksandr Kogan alitengeneza programu ya maswali ya haiba. Iliwekwa na watu takriban 300,000, lakini API ya wakati huo iliiruhusu kuchukua pia data za marafiki zao, watu ambao hawakuwahi kuona skrini yoyote. Facebook ilikadiria kwamba data iliyofika kwa Cambridge Analytica, kampuni ya ushauri wa kisiasa, huenda iliwahusu watu hadi milioni 87. Mlango wa data za marafiki ulifungwa kwa programu nyingi mwishoni mwa Aprili 2015, na Julai 2019 mamlaka ya biashara ya Marekani, FTC, iliitoza Facebook dola bilioni 5. Hayo yanajulikana. Kisichozungumzwa sana ni hatua moja aliyoitangaza Mark Zuckerberg, mkuu wa Facebook, Machi 2018, kashfa ilipopamba moto: programu ambayo mtu hajaitumia kwa miezi mitatu ingepoteza haki ya kupata data zake.

Naona hatua hiyo ndiyo iliyokuwa na maana kuliko zote zilizotangazwa siku zile, kwa sababu iliipima ruhusa kwa matumizi ya mtu. Ilisema kwamba ukimya wa mtumiaji una maana yake. Utekelezaji ulileta shida: Julai 2020 Facebook ilikiri kwamba wasanidi wapatao 5,000 walikuwa wameendelea kupokea data za watu waliopitisha siku 90 bila kugusa programu zao. Lakini kushindwa huko kulijulikana, kulitangazwa na kurekebishwa kwa sababu kulikuwa na kipimo. Pasipo na kikomo cha siku 90, wale wasanidi 5,000 wangehesabiwa kuwa wamefuata utaratibu.

Linganisha na kile kinachofanywa na wengine. Januari 2025 ulichapishwa RFC 9700, waraka wa mwongozo wa usalama kwa OAuth 2.0, na ni waraka mzuri. Unasema tokeni ya kuhuisha inapaswa kuisha ikiwa programu haijaitumia kwa muda fulani. Google ina kanuni inayofanana na hiyo: tokeni isipotumika kwa miezi sita inakufa. Soma tena uone nani anayetakiwa kuitumia. Ni programu. Seva ya programu inayohuisha tokeni zake zote kila usiku wa manane iko hai mia kwa mia machoni pa kanuni hizi, hata kama mwenye akaunti aliifuta kwenye simu yake miaka minne iliyopita na hakumbuki hata jina lake. Kanuni inakamata programu zilizokufa. Zinazoiponyoka ni zile zilizo hai na zenye njaa ya data, ambazo ndizo tunazopaswa kuziogopa.

Kwenye simu tatizo hili limekwisha kushughulikiwa. Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, programu huomba ruhusa ya kamera au mahali ulipo wakati inapoihitaji. Mwaka 2019 iPhone zikapata uwezo wa kuruhusu mahali mara moja tu. Android 11, mwaka 2020, ikaenda mbali zaidi: programu usiyoifungua kwa miezi kadhaa hunyang'anywa ruhusa zake zenyewe, na kuanzia Desemba 2021 Google ikaanza kupeleka kinga hiyo hadi kwenye simu za Android 6. Aliyefanya kazi hiyo kwenye simu alielewa kwamba binadamu hatarudi nyuma kukagua. Ni ajabu kwamba kamera ya simu inalindwa dhidi ya usahaulifu wetu, wakati barua pepe za miaka 15, zenye mikataba, majibu ya hospitali na viungo vya kubadilisha nenosiri la kila akaunti nyingine, zimeachwa chini ya ruhusa isiyo na tarehe.

Ruhusa zilizosahaulika hazikai bure. Zinarundikana. Kila kampuni yenye programu inayounganishwa na akaunti za watu ina hifadhidata ya tokeni za kuhuisha, na hifadhidata hiyo ni mali inayotamaniwa na wadukuzi kuliko orodha ya nywila, kwa kuwa haihitaji kuvunjwa wala haiulizi uthibitisho wa hatua ya pili. Aprili 2022 GitHub ilitangaza kwamba mtu alitumia tokeni zilizoibwa, zilizokuwa zimetolewa kwa Heroku na Travis CI, huduma mbili zinazotumiwa na wasanidi, kupakua data za mashirika kadhaa kutoka kwenye hazina zao za faragha. Agosti 2025 ilikuwa zamu ya Drift, programu ya mazungumzo ya wateja iliyokuwa ikimilikiwa na Salesloft. Tokeni zake zilitumiwa kuchota data kwenye akaunti za Salesforce, mfumo wa kutunza taarifa za wateja, za mamia ya mashirika, zikiwemo kampuni ambazo kazi yao ni usalama wa mtandao, kama Cloudflare, Zscaler na Palo Alto Networks. Mashirika hayo hayakukosea kwenye skrini ya ridhaa. Yaliiruhusu programu halali kwa sababu halali. Ukubwa wa hasara ulitokana na wingi wa ruhusa zilizokuwa hai siku ile kwenye mikono ya kampuni moja, na kila ruhusa ambayo haikuwa ikitumiwa na mtu ilikuwa hasara ya bure.

Kampuni nazo huuzwa. Programu ndogo ya kupanga ratiba, iliyotengenezwa na watu wawili wenye nia njema, inanunuliwa. Tokeni zake zinahamia kwa mmiliki mpya pamoja na jina na nembo. Mtumiaji aliwaamini wale wawili. Kwa mmiliki mpya hakuulizwa, na kiufundi hakuna kilichobadilika cha kuilazimisha API imuulize.

Watengenezaji wa programu wana hoja nzito dhidi ya kikomo, na haifai kupuuzwa. Programu ya kuhifadhi nakala za mafaili inatakiwa ifanye kazi kimya. Thamani yake yote iko katika kutosumbua. Ukiikata kila baada ya miezi mitatu, siku diski ya mtu itakapoharibika ndipo atakapogundua kwamba nakala zilikoma muda mrefu uliopita. Hoja ya pili ni uchovu. Mtu anayeulizwa kila mara hujifunza kukubali bila kusoma, na hapo tumempa mlaghai wa 2017 mazingira bora zaidi. Huduma za kibenki Ulaya ziliyapitia haya. Kanuni zilizofuata sheria ya malipo ya PSD2 zilitaka mteja anayetazama akaunti zake kupitia programu nyingine athibitishe upya angalau kila siku 90. Malalamiko yalikuwa mengi, na tangu Julai 2023 muda huo umeongezwa hadi siku 180. Australia, katika mfumo wake wa haki ya data ya mteja, iliweka kwamba ridhaa ya mtu binafsi isizidi miezi 12.

Ninachokiona katika mifano hiyo ni kwamba mabishano yalikuwa juu ya urefu wa kikomo, na kikomo chenyewe kilibaki. Siku 90 ni chache mno kwa kazi fulani. Miezi 12 inavumilika kwa karibu kila kazi. Na si lazima kikomo kimaanishe skrini nyingine. OpenID Connect, itifaki ya kumtambulisha mtumiaji iliyojengwa juu ya OAuth 2.0 mwaka 2014, inamruhusu mtengenezaji kupeleka kivinjari cha mtumiaji kwenye seva ya idhini na kukirudisha bila ukurasa wowote kuonyeshwa, iwapo mtu bado ameingia kwenye akaunti yake na alikwisha kukubali. Ombi hilo la kimya linathibitisha kitu ambacho tokeni ya kuhuisha haiwezi kukithibitisha: kwamba kuna mtu upande wa pili. Kanuni ingekuwa rahisi. Programu inayotaka kuendelea kupata data zaidi ya muda uliowekwa ihakikishe kwamba, angalau mara moja ndani ya muda huo, kivinjari cha mwenye akaunti kimepita hapo. Anayeifungua programu kila wiki hataona chochote. Ambaye hajaifungua kwa mwaka mzima atapokea ujumbe kutoka kwa huduma yenye data, si kutoka kwa programu, ukimweleza nini kinakaribia kusimama, na akitaka nakala zake za mafaili ziendelee atabofya mara moja. Asipojibu, ruhusa isimamishwe kwanza, na ifutwe baada ya muda mwingine kupita.

Mlango wa kutokea nao urekebishwe. Sheria ya data ya Umoja wa Ulaya, GDPR, iliyoanza kutumika Mei 2018, inasema katika kifungu cha 7 kwamba kuondoa ridhaa kuwe rahisi sawa na kuitoa. Kutoa ni mbofyo mmoja, palepale ulipo. Kuondoa ni safari ya kurasa kadhaa kwenye tovuti nyingine ambayo wengi hawajui ipo. Mtu akiifuta programu kwenye simu yake, ikoni inatoweka na tokeni iliyoko kwenye seva inabaki ilivyo. Akifunga akaunti yake ndani ya programu ileile, mara nyingi hali ni hiyohiyo, ingawa tangu Agosti 2013 kuna RFC 7009, njia rasmi ya programu kuiambia seva kwamba tokeni hii ifutwe. Ni ombi moja. Mtengenezaji mwenye nia njema analiandika kwa muda mfupi kuliko ule wa kupanga rangi za kitufe cha kujiunga. Anayefunga akaunti ya mteja bila kulituma amechagua kubaki na kitu kisicho chake.

Na watu waonyeshwe kinachofanyika. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Huduma zenye API zinajua programu gani ilisoma nini na saa ngapi. Zinahesabu kila ombi, tena kwa usahihi, kwa kuwa ndiyo namna ya kuweka viwango vya matumizi na kutoza malipo. Mwenye data kwa kawaida anaonyeshwa jina la programu na tarehe aliyoikubali. Mpe mstari mmoja zaidi, kwamba programu hii imesoma barua zako mara kadhaa mwezi huu na wewe hujaifungua tangu mwaka juzi, na hatahitaji elimu ya usalama wa mtandao ili kuamua.

Kukata ruhusa hakurudishi kilichokwisha kunakiliwa. Tokeni ikifa leo, data ya jana iko kwenye seva za wengine, na kuiondoa kunategemea sheria na uaminifu wao. Kwa hiyo mwaka mmoja wa ziada wa ruhusa iliyosahaulika ni mwaka wa nakala ambazo hazitarudi, na ndiyo maana sikubaliani na wanaosema tusubiri mtumiaji alalamike.

Haya yote yanakuja na uzito mpya kwa mawakala wa akili mnemba. Programu ya zamani iliomba ruhusa kwa kazi ambayo mtengenezaji aliijua mapema. Wakala hajui, anaambiwa nipangie safari, nijibie barua hizi, na anataka mlango wa kila mahali ili asikwame katikati. Model Context Protocol, itifaki inayotumiwa kumuunganisha wakala na huduma za nje, tangu Machi 2025 imejenga sehemu yake ya idhini juu ya OAuth 2.1, rasimu inayokusanya mazoea bora ya 2.0. Urithi huo unakuja na kasoro ileile ya ruhusa isiyo na tarehe, mara hii ikiwa mikononi mwa programu inayotenda yenyewe. Zana za kufanya vizuri zaidi zipo. RFC 9396 ya Mei 2023 inaruhusu ombi kutaja kwa undani kitu kinachoombwa, kama vile malipo ya kiasi fulani kwa akaunti fulani, badala ya neno moja pana. Wakala aliyetumwa kupanga mkutano mmoja anaweza kupewa kalenda ya wiki hiyo, na tokeni ikafa mkutano ukishapangwa. Huduma nyingi zinazounganishwa na mawakala zinaandika kanuni zao za idhini sasa hivi. Kuweka kikomo cha muda kwenye kanuni mpya ni rahisi kuliko kukipachika baadaye kwenye mamilioni ya ruhusa zilizokwisha kutolewa, na kazi hiyo ifanyike kabla skrini hizo hazijaanza kubofywa.